Linda Jina Lako Kabla ya Kulinda Kura

Uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, mazungumzo ya wizi wa kura huwa ya usiku mmoja tu: usiku wa kujumlisha matokeo, macho ya nchi nzima yakiwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi. Ukumbi ule unastahili kutazamwa. Lakini anayetaka kuvuruga uchaguzi hana haja ya kusubiri hadi usiku huo. Anaweza kuanza miezi mingi mapema, katika sajili ya wapiga kura, ambako karibu hakuna anayemtazama. Na hapo ndipo wewe, usiye na cheo wala ofisi ya chama, una nguvu kuliko unavyodhani, kwa kuwa jina lako, la jirani yako na la babu yako aliyefariki unayajua kuliko afisa yeyote aliye Nairobi.

Haya nayaandika kwa ajili ya Mkenya anayetaka kujisajili, anayetaka kuwahimiza wenzake wajisajili, na anayeshuku kuna mchezo mchafu lakini hajui aipeleke wapi shaka yake. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Muda wowote utakaotajwa hapa uhesabu kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Wafu waliomo sajilini

Tuanze na jambo linalosemwa sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100, tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji wa Afrika Kusini, ilichunguza jinsi uchaguzi ulivyoendeshwa. Ilipoipekua sajili, ilikadiria kwamba marehemu wapatao milioni 1.2 walikuwa bado wamo. Tume ya uchaguzi ya wakati huo, ECK, ilivunjwa na sajili mpya ikaanzishwa. Mwaka 2012 ukaja mfumo wa BVR, wa alama za vidole na picha, na wengi tukaamini kwamba hadithi ya wafu kupiga kura imekwisha. Haikwisha. Mwaka 2017 wakaguzi wa KPMG walikadiria kwamba sajili ilikuwa na marehemu zaidi ya milioni moja. Waliporudi mwaka 2022, katika sajili ya watu 22,120,458, walitaja marehemu wapatao 246,000 na majina yaliyojirudia yapatayo 481,000.

Takwimu hizo zinatisha, na wapo wanasiasa wanaozitaja kwa nia ya kutisha. Zitazame kwa utulivu. Jina la marehemu kuwamo sajilini bado si kura iliyoibwa. Ili lipigiwe kura, ni lazima mambo matatu yakutane: jina liwepo, karani wa kituo akubali kulipitisha bila kidole cha mwenyewe, na mawakala wa wagombea wawe hawapo, wamesinzia au wamenunuliwa.

Hilo la pili linahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi hawalijui. Siku ya kura, mashine ya KIEMS husoma alama ya kidole chako. Kisipotambuliwa, karani anaruhusiwa kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho, kisha fomu iitwayo 32A inajazwa mbele ya mawakala. Mashine ikikataa kabisa, sajili iliyochapishwa inaweza kutumika, kama ilivyokuwa katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni mwaka 2022. Njia hizi zina sababu njema. Mama aliyelima kwa jembe miaka arobaini, fundi wa mawe, mzee aliyepasuka ngozi ya vidole, wote hawa mashine inaweza kuwakana, na si haki warudishwe nyumbani. Lakini mlango unaofunguliwa kwa ajili ya mama mkulima ni ule ule anaoweza kupitia mtu aliyeshika kitambulisho cha marehemu. Mlango wenyewe hatuwezi kuufunga. Tunachoweza ni kuondoa majina yasiyofaa na kuweka watu macho mlangoni.

Na majina hayo huachwa na nani? Mara nyingi sana ni sisi wenyewe. Mtu akifia hospitalini, taarifa huandikwa huko huko. Akifia nyumbani, hasa vijijini, huzikwa na matanga yakaisha bila kifo chake kuandikishwa popote. Serikali haina habari kwamba amekufa, hivyo tume ya uchaguzi nayo inaendelea kumhesabu kuwa mpiga kura. Kitambulisho chake kinabaki kabatini, kikisubiri mirathi ya shamba au pesa zilizobaki kwenye simu, na siku moja kinatoka kabatini bila familia kujua.

Kwa hiyo, msiba ukitokea nyumbani, mwarifu naibu wa chifu, pata kibali cha mazishi, kisha fuatilia cheti cha kifo. Toa nakala za kitambulisho unazohitaji kwa ajili ya mirathi, halafu kirudishe chenyewe kwa ofisi ya usajili wa watu. Ukishapata cheti, peleka nakala yake kwa ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, katika eneo bunge lake, uombe jina lifutwe. Sheria ya Uchaguzi inaipa tume wajibu wa kuondoa marehemu katika sajili. Ninyi mnaisaidia kutimiza wajibu huo. Kikundi cha mazishi cha kijiji, kile kinachochanga pesa za jeneza na chakula, kinaweza kuifanya kazi hii kuwa desturi: mtu mmoja anapewa jukumu la makaratasi, kama vile mwingine anavyopewa jukumu la hema. Kwa maoni yangu, vikundi hivyo vinaweza kuisafisha sajili kuliko ukaguzi wowote wa Nairobi.

Kujisajili wewe mwenyewe

Unahitaji mambo machache: uwe raia, umetimiza miaka 18, na una kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Stakabadhi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki. Usajili ni bure, na hufanyika wakati wote katika ofisi za IEBC za maeneo bunge, zaidi ya vipindi vya kampeni za usajili ambapo makarani huzunguka wadi hadi wadi. Sheria inasitisha usajili siku 60 zinazotangulia uchaguzi mkuu, lakini usihesabu hadi ukingo huo, kwa maana foleni za wiki za mwisho ndizo zenye makosa mengi. Karani aliyechoka huandika vibaya.

Ukiwa mbele ya karani, taja kwa kinywa chako kituo unachotaka kupigia kura. Wengi hawaulizi, wanakuja kugundua siku ya kura kwamba kituo chao ni shule iliyo ng'ambo ya mto. Kabla ya kuondoka, omba usomewe au uonyeshwe kilichoandikwa: majina yako matatu, nambari ya kitambulisho hadi tarakimu ya mwisho, tarehe ya kuzaliwa, wadi na kituo. Tarakimu moja ikikosewa, kesho utaambiwa jina lako halimo, na utasema umeibiwa kumbe ulikosewa. Utapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba umesajiliwa. Itunze, ingawa siku ya kura utatambuliwa kwa kitambulisho au pasipoti uliyosajiliwa nayo.

Usijisajili mara mbili. Vijana wengi waliohamia Nairobi, Mombasa au Nakuru hujisajili upya huko wakidhani usajili wa kijijini utajifuta. Haujifuti. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai, na unaongeza idadi ile ya majina yanayojirudia ambayo kesho utaisikia redioni na kuikasirikia. Ukihama, omba kuhamisha usajili. Ombi hilo linapaswa kufika kwa tume siku 90 au zaidi kabla ya uchaguzi.

Kisha kagua. Hatua hii watu huiruka, na hii ndiyo inayokulinda zaidi. Katika maandalizi ya 2017 na ya 2022, mpiga kura aliweza kutuma nambari ya kitambulisho, alama ya # na mwaka wake wa kuzaliwa kwa nambari 70000, akajibiwa jina lake na kituo chake. Tume pia imekuwa na ukurasa wa intaneti wa kazi hiyo, na ofisi yoyote ya eneo bunge inaweza kukutafutia. Juu ya hayo, sheria inaitaka tume ifungue sajili kwa siku 30, si chini ya siku 60 kabla ya uchaguzi, ili kila mtu aende kituoni kwake kukagua alama zake za vidole. Nenda. Kabla ya uchaguzi wa 2022 walisikika watu wakilalamika kwamba wamekuta majina yao yamehamishiwa mahali wasipopajua. Aliyekagua mapema alipata nafasi ya kurekebishiwa. Ambaye hakukagua alijua akiwa kwenye foleni, jua la saa sita likimchoma, wakati hakuna tena wa kumsaidia.

Jambo jingine linalochanganywa na hili: Juni 2021 Wakenya wengi walipoingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Ule ulikuwa uovu, lakini haukuwa katika sajili ya wapiga kura. Uanachama wa vyama uko chini ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, na huko ndiko unakojiondoa. Ukipeleka lalamiko hilo IEBC utazungushwa bure.

Wasio na kitambulisho

Ukihamasisha watu mtaani, utagundua haraka kwamba kikwazo kikubwa hakipo kwenye mashine ya tume. Kipo kwenye kitambulisho. Kijana wa Garissa, Mnubi wa Kibra, Mpemba wa Kilifi, kila mmoja anaweza kukusimulia miaka ya kuambiwa aje kesho. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya vizazi kadhaa bila uraia, hadi mwaka 2016 walipotembea kwenda Nairobi kuudai. Mwaka uliofuata wakapiga kura yao ya kwanza. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Mtu aliyezuiwa kupata kitambulisho ameondolewa kwenye uchaguzi bila hata sanduku moja kuguswa, na jina lake haliwezi kuonekana katika ripoti yoyote ya ukaguzi wa sajili, kwa kuwa halikuwahi kuwamo. Mimi naihesabu hiyo kuwa dhuluma kubwa kuliko ya majina ya marehemu.

Ndiyo maana kampeni nzuri ya usajili huanza na orodha ya vijana wa mtaa waliofikisha miaka 18 na hawajapata kitambulisho. Wapelekeni kwa chifu kwa pamoja, wakiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Watu kumi wakienda pamoja hawafukuzwi kirahisi kama mmoja.

Kuendesha kampeni mtaani kwenu

Oktoba 2021 tume ilianza usajili wa watu wengi ikilenga wapiga kura wapya milioni 6. Ilipofunga kazi ilikuwa na takriban milioni 1.5. Magari ya vipaza sauti yalipita, mabango yalibandikwa, vijana wakabaki maskani. Wengi wao walisema wazi kwamba hawaoni faida, kwa kuwa kura zitaibwa tu. Nawaelewa, ila neno hilo lina madhara makubwa. Asiyejisajili kwa kuogopa wizi amempunguzia mwizi kazi. Mkisusa, wenzenu wala.

Kijana huyo habadilishwi na gari la matangazo. Hubadilishwa na mtu anayemjua: mwenzake wa stegi ya bodaboda, mama mboga anayemkopesha sukuma, shangazi, imamu, kocha wa timu ya mtaa. Kwa hiyo mwombe afisa wa usajili wa eneo bunge lenu ratiba ya mashine katika wadi yenu, kisha mpange siku na watu. Siku ya soko inafaa, na saa za baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili. Mkiwa na chama cha akina mama, kubalianeni kwamba mkutano mmoja utafanyiwa karibu na kituo cha usajili, na kila mwanachama aje na mtoto wake aliyefikisha umri.

Yapo ya kuepuka, na hapa sina upole. Anayesajili ni afisa wa IEBC pekee. Ninyi mnahimiza na kusindikiza. Hamjazi fomu kwa niaba ya mtu wala hamkusanyi nakala za vitambulisho "kwa ajili ya kumbukumbu". Asikubali mtu yeyote kitambulisho chake kishikwe hata kwa saa moja. Nchini mwetu kuna biashara chafu ya kununua au kukodi vitambulisho katika ngome za mpinzani, ili wenyewe wasiweze kupiga kura. Anayekupa shilingi mia tano kwa kitambulisho chako anainunua miaka yako mitano.

Msikubali pia mabasi ya mwanasiasa. Yapo yanayobeba watu kutoka eneo bunge jingine kuja kujisajili kwenu ili kumwinua mtu wa kiti cha wadi, ambako kura chache tu huamua. Mkiona basi la wageni wamejipanga kwenye foleni, andikeni tarehe, kituo na nambari ya gari, mpeleke kwa afisa wa usajili. Msiwapige wala kuwafukuza. Mpangaji aliyehamia majuzi ana haki ya kusajiliwa kama wewe, na si kila sura ngeni ni ya mamluki. Katika nchi iliyozika watu mwaka 2008, kumwonyesha mtu kidole kwa sababu ya kabila lake na kumwita mpiga kura wa kuletwa ni kucheza na moto.

Unaposhuku

Shaka isiyo na karatasi haifiki mbali. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Haikuwa kwa sababu ya kelele za mikutano ya hadhara. Ilizitazama fomu, namna matokeo yalivyotumwa, na jinsi tume ilivyokataa kufungua mitambo yake ikaguliwe. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyo hiyo ilikataa ombi la kufuta uchaguzi, kwa kuwa fomu zilizokaguliwa zililingana na zile zilizowekwa wazi kwenye tovuti, na baadhi ya ushahidi ulioletwa haukuaminika. Uzikubali hukumu hizo au uzikatae, zote mbili ziliamuliwa kwa kutazama nyaraka.

Basi, ukiona kosa sajilini, andika. Jina lako likikosekana ilhali ulijisajili, una haki ya kupeleka dai kwa afisa wa usajili, na asipokuridhisha unaweza kwenda mahakama ya hakimu. Peleka barua ya nakala mbili, moja igongwe muhuri na ubaki nayo. Hongo na vitisho viripoti pia kwa polisi, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Video ikikufikia kwenye WhatsApp ikidai wizi, uliza kituo ni kipi, tarehe ni ipi na nani aliipiga. Isipojibu hayo, isiendelee kutoka kwenye simu yako. Video ya zamani inayosambazwa kama mpya huwakatisha tamaa watu walio tayari kupanga foleni, na hilo peke yake ni kura zilizopotea.

Wakenya walio nje nao wamo katika haya. Mwaka 2022 waliweza kupiga kura katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Qatar na Falme za Kiarabu, kwa kiti cha urais pekee. Waliosajiliwa walikuwa wapatao 10,400 tu. Walioko ughaibuni wanatuma nyumbani pesa nyingi, lakini sauti yao ni ndogo; waulize balozi zao mapema tarehe za usajili.

Siku ya kura yenyewe nitaitaja kwa ufupi. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifuatilia. Wakala wenu awe mtu aliyekula nyumbani kwake, asiyehitaji chai ya mtu, na aandike idadi ya fomu 32A zilizojazwa: hapo ndipo jina la marehemu hupitia. Kura zikishahesabiwa, fomu 34A ya urais hubandikwa mlangoni pa kituo. Ipige picha, uilinganishe na ile itakayowekwa kwenye tovuti ya tume, kama walivyofanya raia wengi mwaka 2022. Tofauti ikionekana, mpelekee picha wakala mkuu wa mgombea wako mara moja, kwa maana kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa.

Lakini hiyo ni kazi ya Agosti. Ya sasa ni ndogo na inakusubiri: nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako, thibitisha jina lako na kituo chako, na umchukue mmoja wa nyumbani kwenu ambaye hajasajiliwa. Kama mlizika mtu na kifo chake hakijaandikishwa, pitia kwanza kwa naibu wa chifu.